Mtoto Huyu Ameshasajiliwa

Kishikwambi kilifika Jumanne kwa pikipiki ya Mratibu wa Kata,
kimeviringishwa khanga ya mkewe kisile vumbi la Urambo.
Nikatia saini mara tatu, kwenye karatasi,
kwamba sasa tunaachana na karatasi.

Mimi ndiye mwalimu wa takwimu tangu mwaka wa Elinino.
Kidole changu cha kati kina sugu ya kalamu,
nene kama harage.
Nikaambiwa: Mwalimu Kapaya, likizo hii
hamisha watoto wote.

Hamisha. Kana kwamba wana vitanda na masufuria.

Nikafungua kabati.
Daftari la elfu mbili na tatu mchwa walishalisoma lote,
wameacha jalada na uzi wa mgongo.
Darasa la Nne B, watoto arobaini na saba,
limekuwa udongo laini, nikalizoa kwa kiganja.
Mwaka jana alikuja Mwasiti, mama wa watu sasa,
anatafuta ushahidi kwamba aliwahi kusoma hapa.
Nilimkumbuka hadi mwandiko wake,
ila kumbukumbu yangu haina mhuri.
Kwa hiyo karatasi sikuililia. Tuelewane hapo.

Lakini yaliyosalia yalikuwa na pembeni,
na pembeni, kwa penseli, nilikuwa naandika:
Nkwabi – bani la baba yake linawaka, anakesha na kuni.
Tabu – sketi ni moja, leo zamu ya dada yake.
Ngolo – yupo, lakini hayupo.

Kishikwambi kina Yupo na kina Hayupo.
Ukigusa Hayupo kinakupa sababu nne uchague,
wala hakuna hata moja inayonuka moshi wa tumbaku.
Nikagusa Nyinginezo, Nyinginezo, Nyinginezo,
hadi sugu ikahamia kidole cha shahada.

Siku ya sita nikafika kwa mapacha wa Maganga.
Kulwa akaingia bila neno.
Doto akagomewa mlangoni.
Baba yule yule, kitongoji kile kile, tarehe ile ile:
mara tisa nilijaribu, na mara tisa kioo kikanijibu,
kwa adabu ya karani wa benki,
Mtoto huyu ameshasajiliwa.

Doto! Anayekaa dawati la mbele,
anayecheka kabla kichekesho hakijaisha.

Nikapanda baiskeli hadi kwa mama yao, Nyanzala.
Alikuwa anafunga majani kwenye fito,
mikono imeiva kwa gundi ya tumbaku.
"Walizaliwa lini hawa?"
"Si usiku ule mmoja."
"Saa ngapi, mama?"
"Kulwa saa nne, mkunga yuko njiani.
Doto alinichelewesha hadi saa nane.
Nikadhani amebadili nia."

Nikacheka peke yangu njia nzima.
Kwetu usiku haukatwi:
jua likizama, kesho imeshaingia ndani na kuvua viatu.
Mashine ina panga lake, hulishusha saa sita kamili,
na panga lile lililonikatia watoto Yupo na Hayupo
ndilo lililompa Doto siku yake mwenyewe.
Miaka tisa alikuwa mkia wa siku ya nduguye.

Mtandao hapa haushuki hadi chini.
Unaupata nyuma ya vyoo, juu ya kichuguu,
ukielekeza uso upande wa Kaliua.
Nikapanda jioni ile, ndala mkononi.
Chini ya nyayo zangu mchwa walikuwa kazini,
wale wale, au wajukuu zao,
na katika udongo ule, pengine, Darasa la Nne B.
Nikainua kishikwambi juu ya kichwa.
Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Doto Maganga: amepokelewa.

Betri, asilimia tatu.
Nikachomoa penseli sikioni
na kwa mazoea, kabla kioo hakijazima,
nikaandika kiganjani:
alizaliwa saa nane, hakubadili nia.